Kabla Hawajampa Jina Baya: Katuni, Hadithi na Wanafunzi Wenzetu Wenye Usonji

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa kwa vijana hapa Kisumu. Wengi mliomba yawekwe kwenye ukurasa, basi tumeyaweka yote, na lugha tumeiacha vile vile ya kuongea. Ukimaliza kusoma, mtumie mwalimu mmoja na mzazi mmoja.

Ndugu zangu na dada zangu,

Tuanze na majina. Kila mmoja ajiulize: mtoto ambaye haongei, anayepunga mikono akifurahi, anayeziba masikio kengele ikilia, mtaani kwenu anaitwaje? Pita Kaloleni, pita Manyatta, shuka Nyalenda, kisha fuata ufuo mpaka Kendu Bay na Mbita. Utasikia "bubu". Utasikia "mwenda wazimu". Kwetu Waislamu utasikia "ana majini", na mtoto anasomewa kila wiki huku shule hapelekwi. Kwa majirani zetu utasikia ni chira, ati wazazi walivunja mwiko fulani. Njia ni mbili lakini zinafika mahali pamoja: mama analaumiwa, mtoto anafichwa.

Jina la Kiswahili lipo, na ni zuri: usonji. Mtu mwenye usonji ubongo wake ulikua kwa njia tofauti tangu utotoni. Anaweza kuwa na ugumu wa kuzungumza au kuelewa vidokezo ambavyo sisi wengine tunavishika bila kuambiwa. Anaweza kupenda kitu kimoja kupita kiasi, na kutaka mambo yafuate mpangilio ule ule kila siku. Sauti, mwanga, harufu au kuguswa kunaweza kumlemea. Hauambukizi. Haukuletwa na malezi mabaya. Na watu wenye usonji hawafanani: kuna anayesoma chuo kikuu, kuna asiyesema neno hata moja na atahitaji mtu wa kumsaidia maisha yake yote. Wote ni watu kamili.

Ni wengi? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 karibu mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Ukiichukua hesabu hiyo kama ilivyo, shule ya watoto 500 ingekuwa na wanne hivi. Sensa yetu ya 2019 iliuliza kuhusu ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana. Usonji haukuwekwa kama kundi lake. Kwa hivyo usingoje serikali ikuonyeshe nambari za mtaa wako ndipo uamini. Wapo. Swali ni kama wako darasani au wako nyuma ya mlango uliofungwa.

Sasa, kwa nini nimekuja kuongea na nyinyi kuhusu katuni?

Kwa sababu mlango wa shule unafunguliwa na sheria, lakini benchi ndani ya darasa linafunguliwa na watoto wengine.

Sheria tunayo. Katiba ya 2010, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, bila malipo na kwa lazima. Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu atendewe kwa heshima na aitwe kwa namna isiyomdhalilisha. Yaani hata hilo jina la mtaani, Katiba imeligusa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza shule kumbagua mtoto katika kumsajili kwa sababu ya ulemavu. Na sheria mpya ya watu wenye ulemavu imetiwa saini 2025, ikachukua nafasi ya ile ya 2003. Karatasi ziko sawa.

Lakini chukua mzazi aliyepigania mpaka mtoto akaandikishwa. Jumatatu mtoto ameingia. Jumanne wamemwiga anavyopunga mikono. Jumatano kengele imelia, ameanguka chini akilia, darasa zima limecheka. Alhamisi hakuna anayetaka kukaa naye. Ijumaa mwalimu amemwita mama na kumwambia kwa upole, "Mama, mtoto huyu anasumbuliwa sana hapa, si umtafutie shule maalum?" Hakuna sheria iliyovunjwa waziwazi. Hakuna barua ya kufukuzwa. Na mtoto ametoka shule. Kesi ya namna hiyo hata wakili hana pa kuishikia.

Wale watoto wa darasani si wabaya. Hakuna aliyewaeleza. Mtoto wa miaka sita akiona kitu asichokielewa, ana njia tatu: kuogopa, kucheka au kuuliza. Tukichelewa kumjibu, anachagua mbili za kwanza.

Hapo ndipo katuni na vitabu vinaingia. Nitawapa mfano unaojulikana zaidi duniani. Kipindi cha watoto cha Marekani, Sesame Street, kilimtoa mwanasesere anayeitwa Julia, mtoto wa miaka minne mwenye usonji. Alianza kwenye kitabu cha mtandaoni mwaka 2015, halafu tarehe 10 Aprili 2017 akaingia kwenye televisheni. Tazameni walivyomtambulisha. Big Bird, yule ndege mkubwa, anamsalimia Julia. Julia anachora, hamjibu. Big Bird anaumia, anafikiri hapendwi. Wenzake wanamweleza kwamba Julia ana usonji, na kwamba kwake kujibu kunaweza kuchukua muda. Baadaye king'ora kinalia, Julia anaziba masikio, anapelekwa mahali patulivu apumzike. Kisha wanacheza kufukuzana, na Julia akifurahi anarukaruka. Wenzake hawamwambii "acha". Nao wanaanza kuruka, na mchezo unakuwa mpya.

Ukikihesabu kipindi kile, kimefanya mambo matatu. Kimeeleza sababu: hajibu haraka, si kwamba anakuchukia. Kimeonyesha la kufanya: ngoja, punguza kelele, mpe nafasi. Na kimeonyesha faida: mchezo umekuwa mtamu zaidi kwa sababu yeye yupo. Mtoto anayetazama hakuambiwa "mhurumie". Ameonyeshwa jinsi ya kucheza.

Anayemchezesha Julia ni Stacey Gordon, na yeye mwenyewe ni mama wa kijana mwenye usonji. Alipohojiwa na kipindi cha 60 Minutes alieleza kwamba lau marafiki wa mwanawe wangekuwa wameona tabia kama zile kwenye televisheni kwanza, huenda wasingeogopa walipoziona darasani. Neno langu la leo ni hilo hilo: picha imfikie mtoto kabla ya hofu.

Kuna atakayesema, "Hayo ni ya Wazungu." Wacha nimrudishe Afrika. Mwaka 2002 huko Afrika Kusini, Takalani Sesame, ambayo ni ndugu ya kile kipindi, ilimleta Kami, mwanasesere yatima wa miaka mitano anayeishi na virusi vya UKIMWI. Watoto wa kule walikuwa wanakatazwa kucheza na wenzao wenye virusi. Kami akatoka akicheza, akikumbatiwa, akishikwa mkono. Sisi watu wa ziwa tunaelewa uzito wa jambo hilo kuliko wengi. Kisumu, Siaya na Homa Bay zimebeba mzigo mkubwa wa HIV nchini. Tunajua sahani iliyotengwa inafananaje. Tunajua pia mambo yalianza kubadilika watu walipoacha kunong'ona na kuanza kuongea redioni, misikitini, makanisani na kwenye mabaraza ya chifu. Unyanyapaa tulishapambana nao. Hatuanzi masomo ya nasari hapa.

Na sinema? Wangapi hapa wameona My Name Is Khan? Naona mikono. Ile ya 2010, Shah Rukh Khan ni Rizwan, Mwislamu mwenye aina ya usonji iliyokuwa ikiitwa Asperger, anayezunguka Marekani baada ya mashambulizi ya Septemba 2001. Wengi wenu mlilia. Lakini wangapi walitoka pale wakamtazama upya yule mtoto wa jirani? Mtu mmoja anaweza kubaguliwa kwa dini yake na kwa ubongo wake siku moja, mahali pamoja. Sisi tunaolalamika, na kwa haki, kwamba tunapekuliwa na kuulizwa maswali kwa sababu ya majina yetu, hatuna ruhusa ya kumfanyia mtoto mwingine yale yale kwa sababu ya mikono yake inayopunga.

Sasa niseme tahadhari, kwa sababu si kila kitu kinachosema "usonji" kinafaa.

Ya kwanza: tusimfanye mtoto muujiza. Sinema nyingi zinampa mtu mwenye usonji kipaji cha ajabu, hesabu za ajabu, kumbukumbu ya ajabu. Mtoto akizitazama anatoka na somo baya, kwamba huyu anastahili rafiki kwa sababu ni fundi wa hesabu. Je, ambaye hana kipaji hicho? Heshima si malipo ya akili.

Ya pili: tusimfanye mtoto wa kuhurumiwa tu. Muziki wa huzuni, mama analia, sauti inaomba mchango. Mtoto anayetazama atatoa shilingi kumi, lakini hatamwita kucheza brikicho.

Ya tatu: wenye usonji wenyewe washirikishwe. Hata Sesame Street ilikwama hapa. Mtandao wa kutetea haki za watu wenye usonji Marekani, ASAN, unaoongozwa na wenye usonji wenyewe, ulikuwa ukiwashauri kuhusu Julia. Mwaka 2019 ulijitoa, kwa sababu Julia alitumiwa kwenye kampeni iliyowapeleka wazazi kwa nyenzo za Autism Speaks. ASAN waliona kwamba nyenzo zile zinamfundisha mzazi kuupokea usonji kama msiba. Kumbe nia njema haitoshi. Kwa upande mwingine kuna Pablo, katuni ya Ireland ya Kaskazini iliyoanza 2017, ya mtoto mwenye usonji anayechora wanyama wakawa marafiki zake. Sauti za wahusika wakuu zilifanywa na watu wenye usonji. Ndiyo njia. Humsemei mtu ambaye yuko hapo na anaweza kukuambia, hata kama anakuambia kwa kuandika, kwa kadi za picha au kwa kukuvuta mkono.

Ndugu zangu, hatungoji Marekani wala Ireland itutengenezee. Tazama jirani hapa. Dar es Salaam kuna Ubongo, waliotoa Ubongo Kids mwaka 2014, kisha Akili and Me ya watoto wadogo, na wameonyesha kwamba katuni ya Kiswahili safi inatengenezwa hapa hapa kwetu. Kenya tuna Akili Kids!, kituo cha televisheni cha watoto kisicholipishwa, kilichoanza Machi 2020, mwezi ule ule shule zilipofungwa kwa sababu ya Covid. Shujaaz wamekuwa wakitoa komiki za bure kwa vijana tangu 2010, na wote mnazijua. Kisha kuna African Storybook, maktaba ya mtandaoni ya vitabu vya watoto ambavyo ni huru kusoma, kutafsiri na kuchapisha. Vipo vya Kiswahili, vipo vya Dholuo, na unaweza kutunga chako mwenyewe.

Kwa hivyo tutunge. Nitawapa mfano wa kuanzia, si hadithi kamili.

Kuna mvulana, tumwite Juma, anaishi karibu na ufuo. Juma haongei sana, lakini samaki anawapenda. Anapanga vifuniko vya chupa na kila kifuniko ni samaki: ngege, mbuta, fulu, kamongo, omena. Akivurugiwa mpangilio, analia. Darasani wenzake hawamwelewi. Siku moja jioni kunazuka nyawawa, mnajua wenyewe, watu wanagonga mabati na sufuria mtaa mzima kufukuza zile pepo ziende ziwani. Watoto wengine wanafurahia kelele. Juma amejikunja chini ya meza, ameziba masikio, anatetemeka. Dada mmoja wa darasa lake, jirani yake, anamwona. Hamvuti, hamgusi, hamwambii "acha woga". Anakaa chini mbali kidogo, anatoa kifuniko kimoja, anakiweka sakafuni. Ngege. Kimya. Anaweka kingine. Baada ya muda Juma anatoa mkono mmoja sikioni, anakisogeza kifuniko mahali pake sahihi. Kesho yake shuleni yule dada anawaeleza wenzake: kelele ile kwetu ni mchezo, kwake ni kama kupigwa.

Ona, hakuna aliyeponywa. Juma hajawa profesa wa samaki. Ila kesho kengele ikilia, watoto watatu watajua la kufanya. Hadithi hiyo ni kurasa kumi na mbili, sentensi moja kila ukurasa. Itafsiri kwa Dholuo, itafsiri kwa Kinubi kwa wazee wetu wa Kibos. Haihitaji wafadhili.

Bando ni ghali, si kila nyumba ina televisheni, najua. Basi tumia ulicho nacho. Rekodi hadithi kwa sauti, itume WhatsApp kwa wazazi wa darasa. Wewe unayeweza kuigiza kama DJ Afro anavyotafsiri sinema, kipaji hicho ni mali, kitumie kusimulia vitabu hivi huru. Redio zetu za hapa zina vipindi vya watoto na vya familia. Andikeni barua, ombeni dakika kumi tu. Na tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, msingoje hoteli na keki. Umoja wa Mataifa uliipitisha siku hiyo Desemba 2007 kwa pendekezo la Qatar, nchi ya Waislamu wenzetu. Siku hiyo someni kitabu kimoja katika darasa moja. Inatosha.

Ukionyesha kipindi, usiweke tu ukaondoka. Simamisha katikati. Uliza, "Unafikiri kwa nini hakujibu?" Waache watoto wabishane. Halafu uliza, "Wewe ungefanyaje?" Halafu wachezeni ule mchezo. Katuni bila mazungumzo ni kelele tu ya jioni. Na usimtaje mtoto wa darasani kwa jina, ati "hii ni kama Hassan wetu", mpaka mzazi wake akubali, na yeye mwenyewe kama anaweza kusema.

Kwa maustadh wetu na walimu wa madrasa nina ombi moja. Madrasa nyingi watoto wanasoma kwa sauti, wote pamoja, chumba kidogo, bati juu. Kwa mtoto mwenye usonji hiyo inaweza kuwa mateso hata kama anaipenda Qur'ani. Mpeni nafasi karibu na mlango. Mruhusuni atoke apumzike arudi. Asomeshwe nusu saa peke yake ikibidi. Surat Abasa tunaifundisha watoto kuihifadhi, na tunaijua sababu yake: kipofu aliyekuja kutaka elimu. Basi tuisomeshe na maana yake.

La mwisho, na hili ni letu sisi wenye simu. Mtoto akilemewa sokoni Kibuye au kwenye stendi, akaanguka akipiga kelele, kijana wa kwanza anatoa simu, anarekodi, anaweka TikTok na emoji za kicheko. Asubuhi imeonwa na shule nzima. Hiyo nayo ni media ya watoto, jamani, kwa sababu watoto ndio wanaoitazama! Kazi ya miezi sita ya mwalimu inabomolewa na video ya sekunde kumi na tano. Sheria ya kulinda data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, lakini hata isingekuwepo, aibu ingetosha. Ukiona tukio kama hilo, weka simu mfukoni. Waambie watu wasogee. Muulize mzazi, "Nikusaidie nini?" Ukiona video imeshawekwa, usiisambaze, iripoti, na mwambie aliyeiweka aishushe.

Na mzazi ambaye bado anamficha mtoto, asitukanwe. Anaogopa macho yetu. Mwelekeze kwenye kituo cha tathmini ya elimu, EARC, cha kaunti ndogo yake, mtoto akaangaliwe na kushauriwa shule inayomfaa. Mwelekeze kwa Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kwa usajili. Nairobi wazazi walijiunga wakaanzisha Autism Society of Kenya mwaka 2003, na City Primary ikapata kitengo cha watoto wenye usonji. Walianza wakiwa wazazi waliochoka kukaa kimya. Kisumu wazazi wa namna hiyo wapo. Wanachokosa ni mtu wa kuwasindikiza ofisini mara ya kwanza. Kuwa wewe.

Kazi za kuondoka nazo ni tatu. Wiki hii, keti na mtoto mmoja wa nyumbani mtazame au msome kitu kimoja, mzungumze. Mwezi huu, watano watano, mtunge hadithi moja ya hapa ziwani, na kabla hamjaitoa mpeni mzazi wa mtoto mwenye usonji aikosoe, na mtu mwenye usonji kama yupo. Muhula ujao, muombe mwalimu mkuu mmoja awape kipindi kimoja, mwende mkaisome darasani.

Yale majina ya mwanzo, bubu, mwenda wazimu, ana majini, watoto hawakuzaliwa nayo. Waliyasikia kwetu. Basi wasikie kwetu mengine.

Wabillahi tawfiq. Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.